Nani Alimponya Mzee Nambole?

Kaeni vizuri, maana kisa hiki mwisho wake mtaamua nyinyi.

Palikuwa na watu watatu. Bi Somoe alijua kusema na mumewe. Daktari Kisanga alijua kupasua kwa roboti: hukaa pembeni ya chumba, macho kwenye kioo, na vidole vyake vikigeuka kidogo, mikono ya chuma inageuka ndani ya tumbo la mgonjwa. Muuguzi Lukresia alikuwa na mkono usiotetemeka.

Mume wa Somoe, Mzee Nambole, mchonga vinyago, aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Daktari alimweleza kwamba roboti hupita kwenye matundu madogo, na huenda ikanusuru mishipa ya fahamu inayobeba nguvu za kiume, ila hakumwahidi. Mzee aliogopa kupoteza uanaume wake. Akakaa nyumbani miezi miwili, akikataa. Ndipo Somoe akaifunga karakana ya mumewe kwa kufuli, akamwambia, "Nakutaka hai. Hayo mengine ni yangu pia, na mimi nimeshakubali." Kesho yake wakaenda hospitali.

Upasuaji ulipofika katikati, mshipa wa damu ulichanika. Kioo kikawa chekundu, na papo hapo mikono ya roboti ikaganda. Fundi wa roboti akaomba dakika sita aiwashe upya. Lukresia, aliyesimama kando ya mgonjwa, akapitisha koleo jembamba kwenye tundu la pembeni, akaukandamiza mshipa asiouona vizuri. Presha ikazidi kushuka. Daktari wa usingizi akauliza kama wafungue tumbo zima.

"Nimeushika," Lukresia alisema. "Nipeni muda."

Dakika ya saba roboti ikaamka. Kisanga akaushona mshipa ule, akaitoa tezi yote, na mishipa ya fahamu akaiacha salama.

Mzee alipona. Akachonga kiti kimoja cha mpingo, kazi ya miezi mitano, amshukuru aliyemponya. Akampelekea daktari. Daktari akakataa, akasema bila Lukresia angekuwa anashona maiti. Lukresia naye, alipopelekewa, akasema asingeweza kumshikia mshipa mtu aliyejificha nyumbani. Kiti, akasema, ni cha mkewe. Somoe akakikataa pia: yeye alimfikisha mlangoni tu, na asingethubutu kumsukuma kama si ujuzi wa daktari.

Kiti kipo sebuleni, hakuna anayekikalia. Mzee amekwisha kuzeeka. Cha pili hatachonga.

Je, ungekuwa wewe, ungempa nani?