Ngiri Aliyebana Matumizi ya Wengine

Paukwa.

— Pakawa.

Mmeitika wachache. Nyinyi mnaosinzia pale ukutani, nawarudia. Paukwa.

— Pakawa.

Vyema. Leo sisimulii habari za mwizi aliyetoboa ukuta. Mwizi mnamjua, mnamfungia mlango. Leo nasimulia habari za mwenye nyumba. Huyo alikuwa ndani, na ufunguo wa ghala kauvaa shingoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna na kuweka akiba kama sisi, palikuwa na Ngiri. Bwana Ngiri. Akitembea, mkia juu, wima. Akisema, anasema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Alikuwa na mke, jina lake Mashavu, na watoto watatu. Wa mwisho binti, ndiyo maana akaitwa Tatu.

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri. Wakalima, pu, pu, pu. Wakapalilia. Wakavuna mtama, vikapu kumi na viwili. Vikapu vyenyewe alivisuka Mashavu kwa ukindu, na kila kimoja akakizungushia mstari mwekundu mdomoni, maana alikuwa mke mwenye mikono mizuri. Mikono ya mumewe siitaji. Mumewe alisimama akahesabu vikapu, akafunga ghala, akavaa ufunguo.

Jirani yao alikuwa Bi Nungunungu, mjane mwenye watoto wawili. Yeye alivuna vikapu saba tu. Siku ile ile akavigawa. "Hivi vitano vya kula. Hiki cha mbegu. Hiki cha mgonjwa, na asipougua mtu tutashukuru." Kunde aliziloweka tangu jioni, asubuhi zikaiva kwa kuni mbili. Chungu alikifunika. Maji aliyooshea mtama aliyamwagia mchicha wake nyuma ya nyumba. Chumvi aliinunua wakati wa mavuno, ilipokuwa rahisi, akaiweka juu ya meko isipate unyevu.

Bwana Ngiri akachungulia uani kwake, akacheka kwa puani.

"Jirani, unaishi kama panya."

"Panya ninaowajua mimi wameshiba, Bwana Ngiri," akasema Bi Nungunungu, na chungu chake akakifunika.

Basi siku zikaenda. Kwa Ngiri wakala, wakaalika, wakala tena. Miezi miwili hivi. Kisha mawingu yakapotea, kiangazi kikaingia, na wanyama wote wakaitwa mkutanoni. Wakaambiwa kwamba kiangazi cha safari hii kitakuwa kirefu. Kila mtu atazame ghala lake. Kila mtu apunguze.

Bwana Ngiri akasikia. Na akaelewa, msidhani hakuelewa. Lakini alilielewa jambo kama wanavyolielewa mabwana wengi wa namna yake: kwamba kupunguza ni kazi ya mke na watoto.

Akarudi nyumbani, akasimama katikati ya uwanja, akatoa amri.

"Kuanzia leo nyumba hii inabana matumizi. Mama Tatu, uji mara moja kwa siku. Chumvi siku ya Ijumaa. Taa isiwashwe, kwani kula ni kwa mdomo, si kwa macho."

"Sawa, Baba Tatu," akasema Mashavu.

"Nyinyi watoto, msikimbie. Kukimbia kunaleta njaa."

"Sawa, baba."

"Wala msicheke sana. Kicheko kinashusha chakula upesi."

Watoto wakatazamana, wakaacha kucheka.

Mashavu hakukataa kubana matumizi. Alikwenda kwa Bi Nungunungu akajifunza. Akaloweka kunde. Akafunika chungu. Makaa ya jioni akayafukia jivuni, asubuhi akayapuliza, fuu, fuu, moto ukawaka bila kutumia kuni mpya. Kanga iliyochanika akaikata, akawashonea watoto nguo mbili. Punje zilizodondoka kinuni akaziokota moja moja. Alifanya yote hayo, tena kwa moyo mweupe, akijua kwamba wanabana wote.

Sasa niwaambie mumewe alikuwa wapi.

Njia panda palikuwa na duka la Kima. Kima aliuza halua, kahawa na maneno matamu. Barazani kwake waliketi wakubwa: Nyani, Korongo, Kiboko siku anazotoka majini. Kila alasiri Bwana Ngiri alifungua ghala, akachota kibaba cha mtama, akatia mfukoni, huyo, kwa Kima.

"Karibu, bwana mkubwa," anasema Kima.

"Kikombe kimoja tu," anasema Ngiri.

Kikombe kimoja tu. Kisha Korongo anafika, si vizuri Korongo atazame tu. Kikombe kingine. Na kahawa bila halua hainyweki. Kipande kidogo tu. Kesho yake anachota vibaba viwili. Kesho kutwa anaona kuchota kunamchosha, anabeba kikapu kizima, anamwekea Kima dukani. "Utakuwa unanikatia humo," anamwambia. Kikombe kimoja tu. Kila siku, kikombe kimoja tu.

Na akiwa anakunywa anafanya nini? Anawafundisha wenzake kuweka akiba.

"Nyumbani kwangu, jamani, haipotei hata punje. Mke wangu nimemnyoosha. Watoto wangu hata mbio hawakimbii."

"Maashallah," anasema Nyani, huku anatafuna halua ya Ngiri.

Mwezi ukaisha. Wa pili ukaisha. Nyumbani uji ukawa mwepesi, ukimimina unaona chini ya bakuli. Mashavu akasema, "Baba Tatu, nipe ufunguo nikatazame kilichobaki, nipange." Ngiri akajibu, "Mwanamke akianza kuhesabu mtama, baraka inatoka." Maneno hayo aliyabuni pale pale. Mashavu akarudi jikoni.

Kisha Tatu akaugua.

Alianza kwa kuchoka. Akakaa kitako asubuhi, jioni wakamkuta pale pale. Mkia ukalala. Macho yakazama. Mama yake akamwita, "Tatu." Akaitika kwa mbali. Akamwita tena, "Tatu, mwanangu." Safari hii hakuitika, akatikisa sikio tu.

Bi Nungunungu akaja, akamgusa mtoto tumboni.

"Shoga, huyu haumwi. Huyu ana njaa. Mpe uji mzito leo hii, usingoje kesho."

"Ufunguo anao mume wangu, na mume wangu hayupo."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Alasiri huwa na shughuli."

Bi Nungunungu akasema ataifungua akiba yake ya mgonjwa, lakini Mashavu aliona haya kula cha mjane peke yake. Basi jirani akasema atakaa na mtoto.

Mashavu akavua ushanga wake shingoni. Ulikuwa wa mama yake, na hakuwa na mwingine. Akaenda mbio, kwata kwata, kwata kwata, mpaka duka la Kima, akaingia kwa mlango wa nyuma wanakopita wanawake.

"Hodi."

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Nipimie mtama kwa ushanga huu. Mtoto mgonjwa."

Kima akautazama ushanga kwenye mwanga, akautia kibindoni. Akaingia stoo, akaburura kikapu, akaanza kupima. Kibaba cha kwanza. Kibaba cha pili.

"Una bahati," akasema Kima, maana ulimi wake haukuwa na breki. "Mtama huu mzuri sana. Naletewa na bwana mmoja, mteja wangu bora kuliko wote. Huyo kiangazi hakimhusu."

Mashavu hakumsikia vizuri. Alikuwa anatazama kikapu. Cha ukindu. Mdomoni kimezungushiwa mstari mmoja mwekundu.

Akatazama ndani ya stoo. Kingine. Na kingine. Na kingine. Vitupu, vimepandana. Vikapu saba, vyote vimetoka mikononi mwake.

Na nje, barazani, akasikia sauti. Mnaijua sauti hiyo, ile ya kufika mtaa wa pili. "Siri ya nyumba, jamani, ni kubana. Mimi chumvi Ijumaa kwa Ijumaa."

Mashavu akachukua mtama wake. Akapita katikati ya duka, akatoka kwa mlango wa mbele, akasimama barazani mbele ya wakubwa wote. Nyani akaacha kutafuna. Korongo akanyanyua mguu mmoja, asijue pa kuuweka.

Bwana Ngiri alikuwa kashika kikombe.

"Mama Tatu, unafanya nini hapa? Nani kakuruhusu?"

"Nimekuja kununua mtama," akasema Mashavu. Hakupaza sauti. "Nimenunua mtama niliolima, ndani ya kikapu nilichosuka, kwa ushanga wa mama yangu. Tatu hawezi kunyanyua kichwa."

Ngiri akataka kukiweka kikombe chini.

"Malizia kahawa yako, Baba Tatu. Usiimwage. Huo ulioushika mkononi ndio uji wa Tatu."

Kisha akamsogelea, akamvua ufunguo shingoni kama unavyomvua mtoto kitu alichokiokota, akaondoka. Hakuna aliyecheka. Kima aliingia ndani, akajifanya anapanga mizani.

Tatu akapewa uji mzito, kijiko kwa kijiko, na jirani akaongeza mtama kutoka kwenye akiba yake ya mgonjwa. Siku ya tatu akakaa. Siku ya tano akaomba tena. Mama yake alipomsikia anaomba tena, akageuka ukutani, akalia.

Lakini Bi Nungunungu hakumpaka mafuta. Akamwambia, "Shoga, mumeo ni mjinga, hilo tumemaliza. Na wewe je? Umeokota punje kinuni miezi miwili, hukuuliza mara mbili vikapu vinakwenda wapi. Alisema kwa sauti kubwa, ukadhani ni ukweli." Mashavu akakubali. Lilimuuma, akakubali.

Akafungua ghala. Vilibaki vikapu viwili. Kimoja akakifunga mdomo, cha mbegu, akawaambia wote kwamba hicho hakiguswi hata mvua ichelewe mwaka. Kingine cha uji wa watoto. Cha watu wazima hakikuwepo.

Na Bwana Ngiri? Kesho yake akaenda tena kwa Kima. Mkia juu.

"Karibu," akasema Kima. Bwana mkubwa hakumwita. "Umekuja na nini leo?"

"Leo sina. Nitaleta kesho."

"Basi na kahawa utakunywa kesho."

Ngiri akamtazama Nyani. Nyani akatazama juu ya mti. Akamtazama Korongo. Korongo akakumbuka kwamba ana safari. Wale ndio aliowanywesha vikapu saba. Akakaa peke yake barazani mpaka Kima akaja na ufagio, akafagia, akafika miguuni pake, akaendelea kufagia. Hapo Ngiri akaondoka.

Alirudi nyumbani, akamkuta mkewe shambani anachimba. Kiangazi, ardhi ngumu kama kigae. Chini kuna vizizi vya ndago, vidogo, vichungu kidogo, lakini vinashibisha. Ukiinama havifikiki. Inabidi upige magoti, uvifukue kwa pua.

"Mama Tatu, kuna chakula?"

"Kipo. Piga magoti."

"Mimi? Nipige magoti mbele ya watu?"

Mashavu akafukua kizizi kingine. Akatafuna. Ngiri akasimama. Akasimama sana. Tumbo likanguruma, guruu. Akashusha mkia. Akashusha goti moja. Akashusha la pili.

Walichimba hivyo kiangazi kizima, baba na mama na watoto, magotini, mpaka ngozi ya magoti ikaota sugu. Mvua ikanyesha, mbegu zikapandwa, wakavuna. Safari hiyo vikapu viligawanywa siku ile ile, mbele ya nyumba nzima, na Bwana Ngiri akapangiwa kahawa yake: kikombe kimoja kwa wiki, cha nyumbani, anakikoroga mwenyewe. Lakini magoti yalikwisha kuzoea. Hata leo, mkipita mbugani mkamwona Ngiri anakula, mtamkuta kapiga magoti.

Naona wewe mama pale unafurahi. Usifurahi upesi. Mtazame na mke wa Ngiri. Naye anakula kapiga magoti. Watazame watoto wao, na wajukuu. Hawakunywa hata tone la ile kahawa, na magoti wanapiga wote.

Basi fundisho ni hili, nalisema wazi, asiniulize mtu. Kuloweka kunde ni vizuri. Kufunika chungu ni vizuri. Lakini mwenye kushika ufunguo aanze kupunguza chake, tena mbele ya macho ya wote, na kila anayekula nyumbani ajue ghalani kumebaki nini. Bila hivyo mnaokota punje mlangoni, na magunia yanatoka kwa mlango wa nyuma.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeitua chini. Wa kuibeba aibebe kwenda nayo kwake, na akifika aombe kuliona ghala.