Wastaafu Wawili Waliojifanya Maiti

Hapo zamani za kale, kabla babu zenu hawajaota hata jino moja, wanyama waliajiriwa na kustaafu kama watu. Kaeni vizuri. Wewe uliyenuna hapo, nuna kimyakimya, maana mtaa huu mzima hakuna anayeijua hadithi hii kunishinda mimi.

Basi palikuwa na Nyati. Ujana wake wote alilinda geti la Simba, yaani alikuwa mtumishi wa serikali. Alipozeeka, Simba akampa pensheni: kila mwezi ukiandama, kikapu cha mihogo, mpaka siku atakapokufa.

Jirani yake alikuwa Kiboko. Huyu alifanya kazi kampuni binafsi, ya Mamba, kuvusha abiria mtoni. Siku ya kuagwa, Mamba alimpa chake chote kwa mkupuo: ghala zima la maboga.

"Haya, kwaheri," Mamba akamwambia. "Tusijuane tena."

Juu ya nyumba zao, mwambani, aliishi Mama Pimbi, mjane, na wanawe wadogo. Mama Pimbi alikuwa kibarua. Leo anamtoa Nyati kupe getini, kesho anausugua mgongo wa Kiboko kabla abiria hawajapanda. Jioni anapewa maganda. Kibarua hana pensheni wala sherehe ya kuagwa.

Mwaka huo mvua ikagoma. Watoto wa Pimbi wakaanza kutafuna magome ya miti, na yule wa mwisho akawa hana hata nguvu ya kulia. Mama akajifunga kanga kiunoni, akateremka kwa Kiboko.

"Hodi, Mzee Kiboko! Naomba boga moja tu, baba. Watoto hawajala."

"Ulichangia?" Kiboko akauliza kutoka ndani, mdomo umejaa.

"Nilichangia nini, baba?"

"Mimi kampuni ilinikata kila mwezi. Wewe nani alikukata?"

Pimbi akaenda kwa Nyati.

"Afande, muhogo mmoja tu."

"Una barua ya ajira?"

"Sina, Afande."

Nyati akasonya, mfyuu! "Basi serikali haikujui. Na mimi sikujui."

Pimbi akarudi mwambani. Hakulia. Alikaa akatega sikio, maana wale wazee kila asubuhi walikuwa na kazi moja tu: kubishana uani.

"Mkupuo, bwana!" Kiboko alifoka. "Mzigo wote naulalia. Wewe unalishwa kwa kijiko kama mtoto!"

"Yakiisha hayo maboga utakula ukuta? Mimi hata nikizeeka mpaka pembe zidondoke, kikapu kinakuja."

"Kinakuja! Mwezi uliopita kilichelewa, ukala uzio wako mwenyewe!"

"Na wewe hulali, unalinda ghala mashemeji wasilione!"

"Niambie tena!"

"Nimekuambia!"

Puu! Wakagongana vichwa. Ndipo Mama Pimbi akashuka, sauti yake laini kama uji.

"Wazee wangu, mtaumizana bure. Pensheni haipimwi mwenyewe akiwa hai. Inapimwa akifa, tuone amewaachia nini walio nyuma."

"Sasa unataka tufe?" Nyati akauliza.

"Mjifanye tu, Afande. Laleni hapa uani, mimi niwe msimamizi wa msiba. Atakayeinuka wa kwanza, pensheni yake ndiyo mbovu. Tumeelewana?"

"Mimi nitalala mpaka huyu aote uyoga," akasema Nyati, akajibwaga, tifu!

"Uyoga utauota wewe," akajibu Kiboko, akajitupa ubavuni pake, bwaa!

Wazee hawa, jamani! Nguvu za kung'oa mti na mizizi yake, halafu wanalala chini kwa neno la mwanamke asiyefika hata gotini kwao. Mnacheka? Na nyinyi mngelala.

Sasa, huko kwao, msiba ukitokea, waombolezaji hulishwa kutoka ghala la marehemu, na ufunguo hushikwa na msimamizi. Hiyo ndiyo mila, hakuna anayebisha. Mama Pimbi akauvuta ufunguo shingoni kwa Kiboko, taratibu, akapanda mwambani, akaachia kilio.

"Uwiii! Uwiii! Baba zetu wametutoka!"

Wakaja. Mapimbi wa mwamba huu na wa mwamba ule, nungunungu, ngedere, wote tumbo tupu kama ngoma isiyopigwa. Ghala likafunguliwa, kwaa! Mtu analia, "Uwi, Mzee Kiboko!" huku anatoka na boga. Mwingine analia zaidi, anatoka na mawili.

Kiboko akafungua jicho moja.

"We Pimbi! Hao wote ni nani?"

"Shh! Maiti hasemi."

"Wanabeba maboga yangu!"

"Maiti hana maboga, baba. Ana wafiwa tu."

"Nyati ameinuka?"

"Thubutu! Amelala kama gogo."

"Basi na mimi siinuki," akasema Kiboko, akalifumba jicho kwa hasira.

Nyati alikuwa amesikia kila kitu. Tumbo likawa linamcheza kwa kicheko alichokizuia. Alijua ghala likikauka Kiboko ataruka, na ushindi ni wake. Alifurahi mpaka akasahau leo ni siku gani.

Ilikuwa siku ya uhakiki.

Hamjui uhakiki? Ndiyo maana niko hapa. Kila mwaka serikali ya Simba ilimtuma karani wake, Korongo, apite nyumba kwa nyumba na vikapu, awaone wastaafu kwa macho yake kama bado wanapumua. Asiyeitika anafutwa.

"Mstaafu Nyati!" Korongo akaita uani, shingo ndefu, miwani puani. "Itika!"

Korongo akasukuma miwani juu.

"Mstaafu Nyati, mara ya pili!"

Sikio la Nyati likatikisika. Akainuka? Aone Kiboko anamcheka mpaka kaburini? Akalibana sikio.

"Ametutoka, karani," akasema Mama Pimbi, anapangusa machozi ambayo hayakuwepo. "Alfajiri tu."

"Oh! Poleni sana. Kwa utaratibu wetu, kikapu cha mwisho ni cha msiba. Msimamizi nani?"

"Mimi, karani."

"Pokea, mama." Kikapu kikashushwa. Korongo akachomoa unyoya wake wa kuandikia. "Sasa nimfute, nikawahi kwingine."

"Nipooo!" Nyati akafyatuka, vumbi likatimka. "Nipo hai! Usinifute! Tazama, napumua!"

"Ameinuka!" Kiboko naye akaruka kwa shangwe. "Nimeshinda! Pensheni yake mbovu!"

Akakimbilia ghalani kujipongeza kwa boga. Ghala lilikuwa jeupe. Panya mmoja alikuwa amekaa katikati anachagua mbegu.

Korongo hakushangaa, makarani hawashangai. "Vizuri, uko hai. Tutaonana mwezi ujao."

"Na kikapu changu?"

"Kimeshatolewa kwa msiba. Kikishatoka hakirudi."

"Msiba gani, na mimi ni mzima?"

"Andika barua," akasema Korongo, akapiga mbawa, akaenda zake.

Wazee wakageuka kumtafuta msimamizi. Yuko juu mwambani, kwenye ufa ambao pembe haiingii wala pua ya Kiboko haipiti. Wanawe wamemzunguka, wanakula boga, kru, kru, kru, mpaka yule mdogo ametapakaa mbegu usoni.

"Mwizi!" Nyati akanguruma.

"Mwizi wapi, Afande? Mmelala wenyewe, mmeliliwa vizuri, msiba umelisha watu. Nani atawaombolezea hivyo tena?"

"Basi tuambie," Kiboko akalia, "katika hizi mbili, pensheni nzuri ni ipi?"

Mama Pimbi akameza kwanza.

"Ya Afande inamtaka asife kamwe. Ya kwako inataka usiwe na ndugu. Mkipata iliyo nzuri, niiteni niione."

"Na wewe je?" Nyati akauliza kwa uchungu. "Wewe umestaafu na nini?"

"Mimi, Afande?" Mama Pimbi akamkatia mwanawe kipande kingine. "Mimi bado niko kazini."

Funzo lake ni hili, na mliweke kichwani: ukimnyima chakula jirani mwenye njaa, usimfanye msimamizi wa msiba wako.