Ukoko Apewe Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kugawa kitu kisichokatwa.

Palikuwa na nyumba Korogwe yenye watu watano, na watatu kati yao kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Bibi Mwanahawa alijua kuomba msaada asiouhitaji. Chausiku, wa miaka saba, hakuwa akimsahau mtu. Na baba yake, fundi baiskeli mwenye maneno mengi, alikuwa na kipaji ambacho hata yeye hakukijua bado.

Dada yake Chausiku, Zawena, alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu mvua za vuli, akitoka shule alipitiliza kwa rafiki yake Tausi, akala huko, akarudi kulala tu. Akiulizwa, anapandisha mabega. Mama yake alianza kuogopa kwamba mtoto anampotea huku anamwona.

Jumamosi moja asubuhi Bibi akamwita Zawena. "Mke mwenzangu, njoo unichambulie mchele, macho yangu yamekwisha." Macho hayohayo yalikuwa yametoka kumwona kuku wa jirani kwenye mchicha, kule mwisho wa uwanja. Zawena akacheka, akakaa, akachambua. Alikusudia kuondoka kabla ya chakula.

Aliporudisha ungo jikoni, akaona sahani yake imefunikwa kawa. Akafunua. Ilikuwa tupu, safi. Mama akamweleza kwamba Chausiku huiweka hapo kila siku, na akiambiwa aache, hujibu kwamba mwenyewe anaweza kuja na njaa. Zawena akaichukua ile sahani. Chakula kilipoiva, akakaa mkekani.

Ndipo baba akaingia. Wote wakabana pumzi, maana siku zote huanza na, "Leo mgeni katukumbuka?" na msichana huinuka palepale. Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Akasogea kumpa nafasi, kisha akauliza taratibu, "Hivi kule kwa akina Tausi huwa mnacheka nini?"

Zawena akamtazama kama anayetafuta mtego. Halafu akasimulia habari za baba yake Tausi anayemwimbia mbuzi ili akubali kukamuliwa. Baba hakumkatiza hata mara moja. Walicheka mpaka Bibi akapaliwa. Zawena akaongeza wali.

"Kesho nitapika mimi," akasema.

Mama akajifuta macho kwa pindo la khanga, akashusha pumzi aliyoibana tangu vuli.

Sasa, nyumba ile ukoko haukatwi. Hupewa mzima mtu mmoja aliyewafaa wenzake siku hiyo. Mama akaubandua, unanukia nazi.

Bibi akasema ni wake, kwani bila mchele msichana asingeingia jikoni. Chausiku akasema bila sahani dada yake angechambua akaenda zake. Baba akasema wao walimleta tu, aliyembakisha ni aliyenyamaza, "na kunyamaza kwangu mnajua kulivyo kugumu."

"Na aliyekaa ni nani?" akauliza Zawena.

Mama akabaki ameushika, anacheka, hajui amkabidhi nani. Je, wewe? Ungekuwa mkononi mwako, bado wa moto, ungempa yupi?