Kiwanja cha Lango la Mizigo

Sogeeni, na aliyekaa nyuma asiseme hakusikia. Hadithi yangu ina watu watatu na kiwanja kimoja.

Katika mji wa Nyakasale, kando ya ziwa, uwanja wa ndege ulikuwa ukipanuliwa, na ardhi yote ya jirani ikatengwa kwa viwanda. Hapo aliishi Nyanjiga, mkulima wa nyanya, mwenye jicho: aliona jambo kabla wenzake hawajageuka. Alikuwapo Salvatory, mpima ardhi, mwenye mkono: alichokichora hakikupinda. Na alikuwapo Magoti, mnadi wa mnada wa ng'ombe, mwenye mdomo: angekuuzia ng'ombe wako mwenyewe, ukamshukuru.

Ramani ya viwanda ilimeza shamba la Nyanjiga. Alipewa jingine mbali, lakini barabara ya huko ilikuwa mbovu, nyanya zilifika uji. Alitaka kitu kimoja tu: banda la kufungashia nyanya karibu na ndege. Alilitaka mpaka akaliota.

Ramani ilipobandikwa ukutani katika kikao cha halmashauri, watu walipiga makofi. Yeye hakupiga. Kiwanda cha samaki kilichorwa mwisho wa njia ya kurukia ndege, ili minofu ipakiwe ingali mibichi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, na wale ndege korongo je?" aliuliza.

"Korongo gani, mama? Tumepima mwezi mzima, hatukuona hata mmoja."

"Mlipima kabla utumbo wa samaki haujawaita. Korongo akiingia kwenye injini, mtamwita nani?"

Walicheka. Basi kila asubuhi akaenda mwaloni, wanakopasulia samaki, akahesabu korongo, akaweka alama za mkaa mlangoni pake. Mwezi ulipokwisha akaung'oa mlango, akauleta kikaoni kichwani. Kicheko kikakatika. Wakaguzi wa anga wakasema wazi: ramani isipobadilika, hakuna ndege itakayotua, na viwanda basi.

Salvatory akajifungia siku tisa. Akahamishia kiwanda cha samaki nyuma ya kilima, akaleta maghala ya pamba penye njia ya ndege, akayashusha mapaa, akanyoosha barabara ili samaki wafike bado wabichi. Siku ya kumi akatoka na ramani na macho mekundu.

Lakini nyuma ya kilima palikuwa malisho ya ukoo mmoja, nao walikataa katakata. Magoti akaenda bila karatasi. Akapanda juu ya kreti, akaanza kunadi.

"Nani ananipa sababu ya kukataa? Nimepata moja, vumbi! Nani anaipita vumbi?"

Watu wakacheka, wakaanza kushindana. Kelele! Harufu! Mwishowe mama mmoja akasema taratibu, "Makaburi yetu, na maji ya ng'ombe." Hakuna aliyempita. Magoti akayapeleka hayo mawili kwa halmashauri. Uzio wa kiwanda ukasogezwa mbali na makaburi, birika la ng'ombe likajengwa, ukoo ukakubali.

Halmashauri ikawatolea hao watatu zawadi: kiwanja kimoja penye lango la mizigo, hakigawanyiki, hati ya jina moja. Nyanjiga alikitaka kwa banda lake. Salvatory, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, alitaka ofisi. Magoti alitaka mahali pa kunadi, maana barabara mpya ilipita katikati ya mnada wake.

"Kila mmoja ataje anayestahili," Mwenyekiti akasema. "Asijitaje."

Jina lake mwenyewe lilikuwa limeshafika ulimini mwa Nyanjiga. Akalimeza, na likamuuma.

"Salvatory," akasema.

"Magoti," Salvatory akasema.

Magoti akainua mkono kama anayenadi, kisha akaushusha.

"Mama Nyanjiga," akasema.

Mwenyekiti akafunga faili. Hadi leo kiwanja kimeota majani. Kila siku Nyanjiga anaweka makreti yake juani, nje ya uzio, akitazama ndege ikiondoka na mizigo ya wengine.

Kura ni moja moja, na nyinyi mliokaa hapa hamjapiga. Je, wewe ungempa nani hati? Na wale wawili waliobaki ungewatazama usoni ukawaambia nini?