Mlima Haushuki Kula

Hadithi tena. Muhogo mmemaliza, maji ya mtungini mmemaliza, sasa mnataka na pumzi yangu. Na wewe usiniambie "ile ya jana, Bibi," maana ya jana ulikoroma katikati, ukaamka ukauliza nani kafa. Hakufa mtu. Leo nasema ya Pimbi, nasema mara moja, na atakayenikatiza ataimalizia mwenyewe.

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, mikeka yao na umbeya wao kama sisi, palikuwa na bonde lenye kikundi cha vijana. Kila baada ya mavuno kikundi kile kilitoa igizo la nyimbo, na bonde zima likaja kutazama. Wazazi walisema igizo linawafunza vijana umoja. Wazazi husema mengi.

Umoja wenyewe ulikuwa hivi. Mwenyekiti alikuwa Nyati, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtaja mwingine. Wasaidizi wake walikuwa Tembo na Kiboko. Hao watatu ndio walioigiza, ndio walioimba, ndio waliopigiwa makofi. Wadogo walifagia uwanja, wakachota maji, wakapiga madebe.

Igizo likiisha, Shangazi Kanga, yule ndege wa madoadoa aliyekuwa mpishi mkuu wa bonde, alitoa sinia kubwa la wali wa nazi na kunde. Msiniulize nyama. Ungempika nani pale? Desturi ilikuwa kwamba walioimba pamoja wanakula sinia moja. Ukila sinia la waimbaji, wewe ni mtu wa watu: mwaka mzima utaitwa, utasalimiwa, utasengenywa kwa jina lako. Usipolila, unapewa kisahani chako nyuma ya jiko, unakula ukitazamana na ukuta.

Pimbi alikuwa ameshautazama ukuta ule vya kutosha. Alihamia bondeni na mama yake baada ya moto kuteketeza nyasi za ng'ambo ya mto, na tangu ahamie hakuna aliyeuliza jina lake. "Wewe, sogea." "Wewe, lete ufagio." Mwenyewe mdogo, hana mkia, ukimwona kwa haraka utadhani ni panya buku aliyepotea njia.

Siku moja alikuwa akifagia uwanja na Chura.

"Unaimba?" Chura akamuuliza.

"Naimba."

"Na mimi naimba. Nikianza tu, Nyati anauliza nani kamkanyaga mtu."

Pimbi akacheka mpaka akauegemea ufagio. Hakuwa amecheka tangu avuke mto. Alipomaliza kucheka akamtajia Chura jina lake, na akajua anachokitaka: kukaa kwenye lile sinia, na huyu Chura ubavuni pake.

Kesho yake Nyati akaita mkutano.

"Igizo la mwaka huu ni la mfalme na mlima," akasema. "Nchi imekauka. Mlima umezuia mvua. Mfalme anauendea mlima, anapiga magoti, anauimbia mpaka mvua inanyesha. Mfalme ni mimi. Jemadari, Tembo. Kadhi, Kiboko. Wengine mnajua mafagio yalipo."

"Na mlima ni nani?" akauliza Pimbi.

Vichwa vikageuka. "Nani huyo anayesema?"

"Yule tunayemwita 'Wewe'."

"Mlima ni magunia," Nyati akasema. "Tutayapanga pale nyuma."

Pimbi akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyekuta mtoto anakula udongo. "Magunia. Haya. Nyinyi ndio wenyeji."

"Una neno?"

"Sina neno, Kaka Nyati. Nashangaa tu. Kwetu ng'ambo mfalme alikuwa anapewa yeyote. Mtu akichelewa mazoezi, basi, wewe ndiye mfalme. Mlima ndio uliokuwa unagombaniwa, watu wanang'oana manyoya."

"Kwa nini?"

"Si mfalme anapiga magoti? Sasa anampigia nani? Nani yuko chini anabembeleza, nani yuko juu anabembelezwa?"

Nyati akayatafuna maneno yale, akayameza, akayacheua akayatafuna tena. Akajiona yuko magotini, pembe zake zote mbili, mbele ya gunia.

"Mlima ni mimi," akasema.

"Wewe?" Tembo akainuka. "Tukisimama wewe na mimi, nani mlima na nani kichuguu?"

"Kichuguu unamwita nani?"

"Msigombane, kaka zangu," Pimbi akasema kwa sauti ya kuleta maji ya kunywa. "Mlima wa kilele kimoja ni kilima tu. Mlima wa maana una vilele vitatu."

Kiboko akafumbua jicho moja, akamtazama Pimbi kwa muda, akalifumba. "Nipeni kilele cha kati," akasema. "Nipate pa kuegemea."

"Na mlima unaimba nini?" Nyati akauliza.

"Uimbe, Kaka? Uimbe umbembeleze nani?"

"Kweli. Na mfalme sasa atakuwa nani?"

"Aa, mfalme." Pimbi akatazama huku na huku kama anayetafuta kijiti cha kuchokolea meno. "Mpeni hata Chura."

Wakacheka, kwa kwa kwa, vumbi likaruka. Kupigiwa magoti na Chura. Waliona hakujapata kutungwa igizo tamu namna ile. Kwa hiyo wadogo wakapewa nyimbo zote, na wakubwa wakapewa kunyamaza.

Mazoezi yakaanza. Vilele vitatu vilisimama juu ya tuta la udongo nyuma ya uwanja, vimefunikwa majani, na wadogo wakafanya mazoezi mbele yao.

Nyati akakohoa.

"Mlima haukohoi," Chura akasema.

Tembo akapunga masikio, pwa, pwa.

"Kaka Tembo, umeona wapi mlima una masikio?"

"Nzi."

"Mlima hauwajui nzi."

Jioni Nyati alikuwa akirudi kwao shingo imekakamaa, anamwambia mama yake asimsemeshe, yumo ndani ya uhusika. Mama yake akajibu uhusika haukatazi kuteka maji.

Siku ikafika. Bonde lote likaketi, wenye mikeka na wasio na mikeka. Chura akatoka na taji la majani ya mgomba, akapiga magoti, akaimba, na hakuna aliyeuliza nani kamkanyaga mtu. Panya na kobe wakapokea kiitikio. Kisha akatoka Pimbi, ndiye kikongwe wa kijiji anayeulilia mlima. Akafungua kinywa, sauti ikatoka kubwa kuliko mwili wake, wiii-kaa, wiii-kaa, mpaka watoto migongoni wakaacha kunyonya vidole. Aliimba vizuri. Mimi sisifu ovyo, mnanijua.

Ndipo kilele cha kati kikafanya jambo ambalo halikuwamo kwenye mazoezi. Kiboko alikuwa amekuja na maji, amejaza mashavu tangu asubuhi. Pimbi alipofika mwisho wa wimbo, Kiboko akaachama. Pwaaa. Mvua ikamwagikia mfalme, ikawamwagikia panya, ikafika hadi mikeka ya mbele.

Watu wakasimama. Vigelegele. Mabibi wakalia.

"Umeuona ule mlima?"

"Haukupepesa macho, mwanangu. Nimesisimka."

"Na yule mdogo aliyeimba?"

"Kwani palikuwa na anayeimba?"

Pimbi aliyasikia hayo akiwa amesimama hapo hapo, maji yanamchuruzika puani. Yakamchoma. Na kabla hayajapoa akaona sinia linatoka jikoni, mvuke unapanda, na vilele vitatu vinaanza kushuka kwenye tuta kwa pua. Mwaka uliopita alichungulia toka nyuma ya jiko akaona mkonga wa Tembo ukipita juu ya sinia. Ulipita safari moja. Baada ya hapo halikuhitaji hata kuoshwa.

Akakimbia akawasimamia mbele.

"Kaka zangu, mnakwenda wapi?"

"Kula," akasema Nyati.

"Mlima uende kula?" Akashusha sauti. "Watu wamelia kwa ajili yenu. Bado wanawatazama. Sasa wauone mlima umekalia mkeka, una kunde ndevuni? Watasema, kumbe alikuwa Nyati tu."

Hilo la "Nyati tu" lilimwingia Nyati kuliko mkuki.

"Mpaka lini?"

"Mpaka waondoke wote. Halafu desturi si mnaijua, walioimba ndio wanaokula sinia. Nyinyi mliimba wimbo gani?"

Nyati akafikiri. Akageuka, akapanda tuta, na wenzake wakamfuata.

Chura alikuwa nyuma akisikiliza. "Pimbi," akasema, "kuwanyamazisha ilikuwa mchezo. Kuwashindisha njaa ni jambo jingine."

"Kaa ule, mfalme wangu."

Wakakaa. Mara tu walipolizunguka sinia, Kobe akajibana akasema, "Pimbi, njoo huku, pana nafasi." Akaitwa kwa jina. Akanawa, akakata tonge, akaliviringa taratibu ili alifaidi, akaliinua.

Ngurrrrr.

Watu wakatazama juu. Wengine wakaanza kukunja mikeka.

"Mvua hiyo," akasema mzee mmoja. "Igizo la mwaka huu limetisha."

Shangazi Kanga hakutazama juu. Alikuwa amelisha vijana maisha yake yote, alijua radi na alijua tumbo. Akashika upawa wake akalipanda lile tuta.

"Nyinyi mbona hamji kula?"

Mlima kimya.

"Nyati, nasema na wewe."

"Mlima haushuki kula, Shangazi," Nyati akajibu kwa meno, midomo haitikisiki.

"Nani kasema?"

Mlima haukunyoosha kidole, maana mlima hauna vidole. Lakini mkonga wa Tembo, uliokatazwa kutikisika tangu mazoezi ya kwanza, ukainuka wenyewe ukaelekea kwenye sinia, ukasimama sawasawa na pua ya Pimbi.

"Wewe," akasema Shangazi Kanga.

"Naitwa Pimbi, Shangazi."

"Leo nitalijua vizuri. Ni wewe uliyesema mlima haushuki kula?"

Pimbi akatazama mikeka. Kila aliyelia kwa ajili ya mlima alikuwa akimtazama yeye. Akisema si kweli, Nyati atashuka, na akishuka atataka kujua yepi mengine hayakuwa kweli.

"Ni mimi," akasema. "Haushuki."

"Vizuri sana. Sitaki kuwaharibia watu mlima wao. Basi kama mlima haushuki, chakula kitaupanda. Na atakayekipandisha ni yule aliyeleta sheria. Weka tonge chini."

"Shangazi, mimi sijala."

"Mlima nao haujala, na tumbo lake ulilisikia."

Pimbi akaweka tonge chini. Akachukua bakuli, akapanda tuta, akashuka, akapanda. Nyati alitaka alishwe mdomoni, maana mlima hauna mikono. Tembo alimeza bakuli zima kabla Pimbi hajageuka, akasema kwa upole kwamba amesikia harufu tu. "Ongeza chumvi," kilele cha kushoto kikasema. "Nikune hapo chini ya sikio," kilele cha kulia kikasema. Shangazi Kanga akapika sufuria jingine, na jingine tena.

Jua lilipokuwa linatua, Pimbi akarudi kwenye sinia. Sinia lilikuwa jeupe. Chura alikuwa amekaa peke yake anajilamba vidole.

"Nimekuwekea nafasi," Chura akasema.

"Ahsante."

"Nafasi ipo. Chakula ndicho hakipo."

Kisha Chura akainuka, akashika upande wa pili wa sufuria la mwisho, wakalipandisha wote wawili. Waliposhuka wakakwangua ukoko, wakaenda kuula nyuma ya jiko, wanatazamana na ukuta. Safari hii wakiwa wawili.

Kiboko alipita hapo akirudi mtoni.

"Nilijua toka mkutanoni," akasema. "Watu wa ng'ambo ni binamu zangu. Hawajawahi kufanya igizo."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mimi nikiimba, watoto wanaharisha. Nilikuwa nasali litokee la kuniokoa, ukatokea wewe." Akacheua kwa raha. "Halafu chakula cha kuletewa kumbe ni kitamu. Mwakani uwahi."

Mwakani. Pimbi alidhani ni utani. Lakini mavuno yaliyofuata Nyati alipouliza nani atakuwa nini, wakubwa wote wa bonde walitaka kuwa mlima, Kifaru naye akaomba japo kilima cha jirani, na hakuna aliyesahau nani anaulisha.

Ukimdanganya mtu mpaka uongo wako ukamnogea, kumlisha ni juu yako.

Ndiyo maana leo ukimtafuta Pimbi humwoni bondeni. Utamkuta juu kabisa mlimani, kwenye mawe, ameshajenga huko. Alichoka kupanda na kushuka na bakuli, akaona heri ahamie kwa bosi wake. Na jioni ukisikia wiii-kaa, si wimbo. Anaita watu wa jikoni walete sufuria jingine.