Sheikh Dhafiri Aliyeifuata Fatwa Yake Mlimani

Wamesimulia waliohifadhi habari za wema waliotutangulia kwamba katika nchi ya Yemeni, kwenye mji mmoja ulio chini ya milima mirefu, aliishi mwanachuoni aitwaye Sheikh Dhafiri bin Ghalib, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu, mwingi wa kufunga, na elimu yake ilikuwa pana. Lakini alikuwa na ila moja ambayo hata wanafunzi wake waliijua: hakuwa na subira ya kusikiliza. Mtu akianza swali, Sheikh alikuwa keshafika kwenye jibu, akimngoja huko kwa kero.

Siku moja alijiwa na mkulima wa mlimani aitwaye Muqbili, mtu mwenye kigugumizi kizito. Baraza lilijaa watu na adhana ya adhuhuri ilikuwa imekaribia. Muqbili akaeleza kwa taabu kwamba aligombana na mkewe, Arwa, na kwa hasira akatamka talaka. "Nilimwacha," akasema, kisha neno likamkwama kooni. Akalihangaikia huku jasho likimtoka, na kilichotoka hatimaye ni "tatu."

Sheikh hakungoja zaidi. "Umemwacha tatu. Basi si halali yako tena mpaka aolewe na mume mwingine. Nenda, mche Mola wako, uuchunge ulimi wako."

Muqbili akabaki kinywa wazi. Kisha akainamisha kichwa, akatoka.

Ikapita miezi miwili na zaidi. Akaja mjini mfanyabiashara wa zabibu kutoka kijiji cha Arari, kijiji cha Muqbili, akiwa safarini kuelekea bandarini. Baada ya sala akaketi na Sheikh, wakazungumza habari za huko.

"Tuna huzuni kwetu," akasema yule mtu. "Mwisho wa Rajabu kaka zake Arwa wanakuja kumchukua. Nyumba inavunjika kwa talaka moja. Hatukuwahi kusikia hukumu kama hiyo, lakini tukasema wenye elimu ndio wajuao."

"Moja?" akauliza Sheikh. "Aliniambia tatu."

"Tatu zilikuwa siku, Sheikh. Alimwacha siku tatu kabla ya kushika njia ya kuja kwako. Nyumba zetu zimegusana ukuta. Neno nililisikia, na lilikuwa moja tu."

Inasemekana Sheikh Dhafiri hakula siku ile. Rajabu ilikuwa imebakiwa na siku kumi, na kufika Arari ni siku saba za kupanda. Wanafunzi wakamwambia, "Tutume sisi." Akawajibu, "Hukumu imetoka kinywani mwangu. Mkienda ninyi, watasema wanafunzi wamempinga mwalimu wao, nao watashika neno la mwalimu." Wakaomba wamsindikize, akakataa. Hilo alilikataa kwa haya, kwa kuwa hakutaka mtu aone uso wake njiani.

Farasi hapandi milima ile, na msafara wa kwenda huko ulikuwa umekwisha ondoka. Akapata punda mmoja jike, wa kijivu, na mwenye punda akamuusia: "Huyu ana mwendo wake, Sheikh. Ukimpiga hulala chini, na akilala huinuka apendapo."

Sheikh alimpiga siku ile ile ya kwanza, kabla jua halijapinduka. Punda akalala katikati ya njia. Akambembeleza, akamvuta, akamwekea shayiri puani. Punda alikula shayiri akiwa amelala. Ikabidi mwanachuoni yule aketi kando yake mpaka alasiri, akileta istighfari ambayo nusu yake ilikuwa ya kujilaumu na nusu ya kumlaumu mnyama.

Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Punda alisimama kunusa kila kichaka. Alisimama penye mawe, na pasipo mawe akasimama pia. Siku ya nne ukashuka ukungu mzito kiasi kwamba Sheikh hakuiona mikono yake, akakaa pangoni tangu alfajiri mpaka magharibi akihesabu siku zilizobaki, kana kwamba kuzihesabu kungeziongeza. "Ee Mola wangu," akasema, "ninakwenda kutengeneza, si kuharibu. Mbona njia inanifungia?" Hakupata jibu isipokuwa maji yaliyodondoka kutoka kwenye mwamba.

Na mlima ulikuwa mzuri. Hilo nalo lilimkera. Ukungu ulipoinuka aliona mawingu yametanda chini ya miguu yake kama sufi iliyochambuliwa, na vilele vimetokeza juu yake. Matuta ya mashamba yalishuka mlimani ngazi kwa ngazi, na milozi ilikuwa imechanua maua meupe, jani hata moja halijatoka. Pimbi waliota jua juu ya majabali wakimtazama, nao hawakuwa na pa kwenda. Mwingine angesimama akasema Subhanallah. Sheikh alisema pia, lakini kwa meno yaliyoumana, kwa sababu kila alichokiona kilikuwa kitu kingine cha kupita.

Siku ya tano, kipindi cha alasiri, alimkuta mwanamke mzee akirina asali kwenye mizinga iliyopangwa chini ya jabali. Akamtolea salamu. "Mama, ipi njia ya Arari?"

"Shika mkono wa kulia, mwanangu, penye mti wa mreteni uliokauka," akasema yule bibi bila kuinua macho kutoka kwenye mzinga. "Ila..."

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri," akasema Sheikh, akamvuta punda akaenda zake.

Njia ya kulia ilipanda vizuri, ikazunguka bega la mlima, ikaishia hewani. Ukingo ulikuwa umemomonyoka na mvua, na chini yake palikuwa na korongo ambalo jiwe likiangushwa halisikiki likifika. Hapakuwa na nafasi ya kumgeuza punda. Ilibidi arudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka giza likamkuta, akalala palepale. Asubuhi alipomfikia tena yule bibi alikuwa amechanika joho na sauti imemkauka.

"Nilitaka kukwambia: ila mvua imevunja ukingo, kwa hiyo pita kushoto," akasema bibi. "Hukunipa nafasi."

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuita mara mbili. Ulikuwa ukimgombeza punda."

Sheikh akaketi juu ya jiwe. Yule bibi, ambaye jina lake lilikuwa Hamama, akampa sega la asali juu ya jani, akamuuliza anafuata nini Arari. Akamweleza yote, wala hakujipunguzia. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umepanda milima hii," akasema, "kwa kuwa hukumngoja mtu amalize neno lake. Na jana hukuningoja mimi nimalize langu."

Sheikh Dhafiri alikuwa na jibu kwa kila mtu mjini kwake. Pale alirudi kwenye swali lake.

"Nielekeze tena, mama," akasema. "Nitakungoja."

Akamwelekeza. Akaeleza njia, kisha chemchemi, kisha shemeji yake aliyevunjika mguu kwenye chemchemi hiyo mwaka wa njaa, na jinsi alivyobebwa, na nani alimbeba, na wabebaji walivyogombana. Sheikh alishika magoti yake kwa mikono miwili, akaona kisimamo cha tarawehe ni kifupi kuliko habari ile. Lakini alimwacha amalize. Na katikati ya habari za shemeji ndimo ilimokuwamo njia ya mkato, ile waliyompitisha majeruhi, ipunguzayo siku nzima.

Akaishika. Kero haikumtoka kifuani, maana tabia haivuliwi kama kilemba. Ila punda aliposimama alisimama naye, na alipokwenda alikwenda naye, na fimbo aliitupa korongoni.

Alifika Arari siku ya mwisho ya Rajabu, baada ya adhuhuri. Nyumbu wawili walikuwa wamekwisha kufungwa mizigo. Arwa alikuwa mlangoni amejifunika, kaka zake wawili wakikaza kamba, na Muqbili amesimama ukutani kama mgeni nyumbani kwake.

Sheikh akatoa salamu, akamuuliza Arwa kwa heshima iwapo eda yake imekwisha.

"Bado siku mbili," akajibu. "Kaka zangu wamewahi kwa kuhofia mvua."

"Alhamdulillahi." Akawageukia watu waliokwisha kusanyika. "Mimi ndiye Dhafiri niliyetoa hukumu juu ya nyumba hii. Nilikosea. Talaka ilikuwa moja, na maadamu eda haijaisha huyu ana haki ya kumrejea mkewe."

Kaka mkubwa akaiacha kamba. "Mlituambia haramu. Leo imekuwa halali? Dini inabadilika kwa sababu Sheikh amepanda punda?"

"Dini haikubadilika. Ilikuwa halali siku ile pia. Nilihukumu kabla ya kusikia, na kosa ni langu."

Kisha akamwambia Muqbili, "Mbona hukunisahihisha?"

Muqbili akachukua muda mrefu kujibu. "Ni-nilidhani," akasema, "Sheikh a-anajua zaidi."

Wasimulizi wanasema neno hilo lilimuumiza Sheikh kuliko safari nzima. Akaketi chini mavumbini, akamwambia, "Nieleze mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyotaka kunieleza siku ile." Na Muqbili akaeleza. Ilichukua mpaka karibu na alasiri. Kaka wakahema, nyumbu wakapiga kwato, Sheikh hakumkata hata mara moja.

Alipomaliza, Arwa akasema kutoka mlangoni, "Laiti ungemsikiliza hivi, Sheikh. Nimelia miezi miwili kwa ajili ya haraka yako."

"Umesema kweli. Ninakuomba msamaha."

"Nitakusamehe," akasema Arwa. "Si leo."

"Ni haki yako. Je, waridhia kurejewa?"

"Kwani nimekuwa nikingoja nini?"

Muqbili akamkabili mkewe. "Ni-nime," akasema. "Nime-nime..." Shingo ikamsimama mishipa. Kaka mdogo hakuvumilia tena, akasema, "Sema nimekurejea, tumalize."

"Mwache," akasema Sheikh Dhafiri. "Neno ni lake."

Wakangoja, watu wote wa Arari waliokuwa pale, na upepo ukishuka kutoka kileleni. Wakangoja mpaka Muqbili akalifikisha neno lake mwisho. Ndipo kaka mkubwa akaanza kufungua mizigo ya nyumbu.

Ndugu zangu katika imani, wapo wanaodhani subira ni kustahimili njaa na maradhi tu. Kumwachia mwenzako amalize usemi wake nako ni subira, na huenda haki ya mtu imekaa kwenye neno lake la mwisho. Na aliyekosea mbele za watu, basi akatengeneze mbele za watu, hata kama njia ni ya kupanda. Mwenyezi Mungu atupe masikio kabla ya ndimi. Amin.