Nani Aliyemzuia Hosea?

Niazimeni masikio, nyinyi mnaopenda kuamua kesi za watu. Leo nina mafundi watatu, mjane mmoja, na marehemu aliyegoma kunyamaza.

Mafundi hao walikuwa wa redio moja ndogo mjini Njombe, kila mmoja na kipaji chake. Edgar Mwalongo alikuwa na haraka. Kitu kikisubirisha watu, alikosa raha. Salome Kiswaga alikuwa na wasiwasi. Alikiona kitu kinavyovunjika kabla hakijavunjika. Mzee Luvanda alikuwa amezoeana na umeme wetu na vituko vyake, na hicho nacho ni kipaji.

Katika redio hiyo Hosea Ngailo ndiye aliyesoma matangazo ya vifo kila asubuhi. Sauti yake iliwekwa kwenye tovuti, na watu wa Njombe waliotawanyika huko duniani wakaifungua wajue nani wa kwao ameondoka. Walikuwa wengi kupita kiasi, na seva kuu ilikuwa nje ya nchi, kwa kampuni iliyowapangisha. Tovuti ikawa inakwama. Mkurugenzi akaona inunuliwe mashine ya kukaa katikati, itunze nakala ya kila kinachoombwa, ili anayefuata apewe ile nakala bila kuisumbua seva ya mbali. Akawaachia wale watatu waichague.

Edgar alitaka memori nyingi kuliko kitu kingine. Mashine ya kazi hii, alisema, hukumbuka kichwani kila nakala ilipo, na kichwa kikiwa kidogo itatupa vitu ovyo ili ipate nafasi.

Salome alikataa diski moja kubwa. Alitaka diski ndogo nyingi zenye kasi, kila moja ikijitegemea, ili ikifa moja ife na mzigo wake tu.

Mzee Luvanda hakubishana nao. Alidai mashine ipokee umeme kwa njia mbili na iwe na betri nzito, maana hapa kwetu umeme hauagi ukiondoka.

Wakasikilizwa wote, mashine ikaja, tovuti ikaacha kukwama. Kisha Hosea akaanguka bafuni akijiandaa kwenda kazini, na hakuamka.

Mkewe Fidea alizika, akapokea pole, akabaki na nyumba kimya. Kila asubuhi, maji ya uji yakiwa jikoni, alifungua simu na kumsikiliza Hosea katika kipindi chake cha mwisho. Majina aliyoyasoma mumewe yalikuwa ya watu wengine waliokufa, lakini Fidea hakuyajali majina. Alimtaka mwenye sauti. Alimkumbuka mpaka mwili ukauma.

Haukupita muda kampuni ile ya nje ikafunga biashara na seva kuu ikafutwa. Vipindi vyote vikapotea, isipokuwa kile cha mwisho cha Hosea. Mtu mmoja wa Songea akaandika kuuliza kwa nini marehemu bado anasoma habari. Mfagizi akakataa kuingia chumba cha mashine peke yake. Mama mzazi wa Hosea akamsikia mwanawe kwenye simu ya jirani, akapanda kitandani, akakataa kula.

Mafundi wakachunguza wakakuta nakala imebaki katika ile mashine ya katikati. Mkurugenzi, kwa furaha, akasema aliyeiokoa sauti hiyo atapewa zawadi mbele ya wafanyakazi wote. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Edgar alisema bila memori yake nakala ile ingetupwa zamani, mashine ilipozidiwa na wasikilizaji.

Salome alionyesha diski mbili zilizokuwa zimekufa. Ingekuwa ile moja kubwa, Hosea angekwenda nayo.

Mzee Luvanda aliwakumbusha kwamba umeme ulikatika siku ileile seva kuu ilipofutwa. Bila betri yake mashine ingezimika, kisha ingewaka na kuiuliza seva ya mbali kama nakala bado ni halali. Ingejibiwa hakuna kitu, nayo ingefuta.

Walikuwa bado wanavutana siku familia ilipokutana nyumbani kwa Fidea kuanua matanga. Wao pia walialikwa. Mama mkwe aliinuka kwa shida, akawatazama mmoja mmoja.

"Matanga ya mtu anayesema hayaanuliwi," akasema. "Mwanangu anatangaza vifo vya wenzake kila siku, chake hajakitangaza. Atapumzika saa ngapi? Aliyemzuia ndiye amfungulie, kwa mkono wake."

Salome akaeleza kwa upole kwamba wanaweza kumwekea Fidea nakala kwenye simu, kisha waifute ile ya mashine. Mama mkwe akamuuliza kama yeye angependa kulala na maiti mfukoni.

Basi ungewaona wale waliokuwa wakigombea sifa. Edgar akasema memori ni kichwa tu, vitu vinakaa kwenye diski. Salome akasema diski bila umeme ni chuma baridi. Mzee Luvanda akasema betri haichagui cha kutunza, na kwamba mashine ile, ikijaa, hutupa kilichosahaulika na kubakiza kinachoombwa.

Alipomaliza hilo akatazama chini. Wote wakageuka kumtazama Fidea.

"Nilikuwa namsikiliza tu, mama," Fidea akasema. "Sikujua namshika."

Mama mkwe alirudi kukaa. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba atasubiri humo humo nyumbani, na matanga yakabaki hayajaanuliwa.

Kesho yake asubuhi Fidea alisimama jikoni, simu mkononi. Alijua akiacha kuiomba nakala ile, mashine itamsahau Hosea yenyewe, pasipo fundi yeyote kugusa kitu. Akifungua, mumewe atabaki, na mama wa mumewe ataendelea kufa njaa chumba cha pili. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, naye alikuwa akilia.

Mimi nimemwacha hapohapo, kwa sababu sijui la kumwambia. Semeni nyinyi: kati ya aliyempa kichwa, aliyempa mahali, aliyempa pumzi na aliyemwita kila siku, nani aliyemzuia Hosea? Na wewe uliyekaa kimya hapo, kama kidole kile kingekuwa chako, ungekishusha?